UCHAMBUZI: Lugha hutahiniwa kwa kalamu huku kinasasauti kikisahauliwa mfukoni

MWANAFUNZI wa kidato cha nne nchini Kenya anaweza kupata alama ya A katika somo la Kiswahili bila ya mtahini yeyote kumsikia akitamka hata neno moja la lugha hiyo. Jambo hili si siri wala si kosa la mtu mmoja. Ndivyo mtihani wa kitaifa wa KCSE ulivyoundwa.

Somo hilo lina karatasi tatu. Ya kwanza ni Insha, yenye alama 40. Ya pili ni Lugha, yenye alama 80, na ya tatu ni Fasihi, yenye alama 80 vilevile. Zote tatu hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huulizwa kuhusu sauti za Kiswahili, mahali zinapotamkiwa na jinsi shadda inavyobadilisha maana ya neno, lakini majibu yote huandikwa kimyakimya katika chumba ambamo hakuna anayeruhusiwa kufungua kinywa.

Hali si tofauti sana katika Kiingereza. Karatasi ya kwanza ya somo hilo ina alama 60, na nusu ya alama hizo, yaani 30, zimetengewa stadi za mazungumzo. Stadi hizo nazo hupimwa kwa maandishi. Kinyume chake, wanaofanya Kifaransa na Kijerumani hukaa mbele ya mtahini wakazungumza naye. Lugha za kigeni husikilizwa, ilhali lugha ya taifa husomwa tu kwenye karatasi.

Swali linaloibuka ni je, kwa nini hali iwe hivi katika nchi ambayo karibu kila mwalimu anabeba kinasasauti mfukoni mwake kila siku bila ya kukitambua kama kifaa cha kufundishia?

Ugumu wa idadi

Sababu ya kutotahini mazungumzo si ngumu kuelewa. Mwaka wa 2024 zaidi ya watahiniwa 960,000 walifanya KCSE, na Kiswahili ni somo la lazima katika mtihani huo, isipokuwa kwa wanaofanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake. Iwapo kila mtahiniwa angepewa dakika tano tu za kuzungumza na mtahini, zingehitajika saa zipatazo 80,000. Kifaransa na Kijerumani huweza kubeba mzigo huo kwa kuwa wanafunzi wake ni wachache.

Hesabu hiyo hiyo hujirudia darasani kwa kiwango kidogo. Kipindi kimoja katika shule ya upili ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 45, kila mmoja hana hata dakika nzima ya kusikilizwa, hata kama mwalimu hatasema lolote wala kuandika chochote ubaoni. Matokeo yake ni bayana. Wanafunzi watano au sita walio hodari ndio hujibu maswali kila siku, na waliosalia huhitimu wakiwa wamezungumza Kiswahili cha darasani kwa dakika chache mno katika miaka yote minne.

Hasara yake huonekana baadaye. Mhitimu aliyefaulu vyema hujikuta hawezi kuhutubia baraza, kusoma taarifa mbele ya watu au kujieleza katika mahojiano ya kazi kwa lugha aliyopata alama nzuri. Walio katika hatari zaidi ni watoto wa mashambani ambao hawasikii Kiswahili nyumbani wala sokoni. Mtoto wa Mombasa au Lamu hurekebishwa na mtaa. Yule ambaye mtaa wake unazungumza lugha nyingine hana wa kumrekebisha ila mwalimu, naye mwalimu hana muda wa kumsikiliza.

Redio ilisema, haikusikia

Matumizi ya sauti katika elimu si jambo geni humu nchini. Kati ya mwaka wa 1980 na 1985, Kenya ilikuwa mwenyeji wa mradi uliotumia redio kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Masomo yaliandaliwa kwa namna ya kumfanya mtoto aitikie redio, ajibu swali na kurudia sentensi. Wataalamu wa elimu ya redio wangali wanautaja mradi huo kama mfano wa jinsi chombo cha bei nafuu kinavyoweza kuwafikia watoto wa maeneo ya mbali.

Miaka 35 baada ya mradi huo kukamilika, redio iliitwa tena kazini. Serikali ilipotangaza kufungwa kwa shule zote mnamo Machi 15, 2020 kutokana na janga la Covid-19, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilitegemea matangazo ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), runinga na intaneti ili masomo yasisimame. Wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirejea shuleni Oktoba mwaka huo, na wengine wakarejea Januari 2021.

Juhudi hizo zilistahili pongezi, lakini zilikuwa na dosari moja isiyoweza kukwepeka. Redio husema wala haisikii. Mtoto aliyetamka "kula" badala ya "kura" mbele ya redio hakuwa na wa kumwambia kwamba amekosea. Alipojibu vyema, hakuna aliyejua pia. Kinasasauti hugeuza mkondo huo. Kwacho, sauti husafiri kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa mwalimu, ikahifadhiwa, ikasikilizwa mara mbili au tatu, kisha ikarudishwa kwa mwenyewe pamoja na maelekezo.

Sauti isiyoandikika

Yapo mambo katika Kiswahili ambayo ubao hauwezi kuyafundisha. Neno "barabara" ni mfano maarufu. Shadda ikiwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, maana yake ni njia ya magari. Ikiwekwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, maana yake ni sawasawa au vizuri. Maandishi ni yale yale. Hali kadhalika, sentensi "Mgeni amefika" huweza kuwa taarifa, swali au mshangao, na tofauti iko katika kiimbo. Mwandishi husaidiwa na alama za uakifishaji. Msemaji hana ila sauti yake.

Kisha kuna jozi za maneno zinazotofautiana kwa sauti moja tu: "dhana" na "zana", "thamani" na "samani", "bata" na "pata", "ng'oa" na "ngoa". Kila mwalimu wa Kiswahili anayajua makosa yanayotokana na athari za lugha ya kwanza, na anajua pia kwamba mkosaji aghalabu hajisikii akikosea. Akiambiwa, hukana. Akisikilizishwa sauti yake mwenyewe ikifuatana na sauti ya mwalimu, huitambua tofauti. Hapo ndipo kifaa cha kurekodi kinapofanya kazi ambayo maelezo ya nusu saa hayawezi kuifanya.

Kinaya kikubwa zaidi kiko katika fasihi simulizi. Wanafunzi hufunzwa kuhusu utafiti wa nyanjani na mbinu zake. Wakiulizwa kutaja vifaa vya kuhifadhia data, huandika bila kusita: kalamu na daftari, kamera, kanda, vinasasauti. Wengi wao hupata alama zote za swali hilo ilhali hawajawahi kumrekodi nyanya yao akitamba hadithi wala mzee wa kijiji akieleza chimbuko la methali. Kinasasauti kimekuwa jibu la mtihani badala ya chombo cha kazi.

Gharama ni ndogo

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba teknolojia ni ghali. Ni kweli kwamba mipango mikubwa ya teknolojia shuleni imekula fedha nyingi. Mpango wa serikali wa kuwapa wanafunzi wa darasa la kwanza vishikwambi na walimu wao vipakatalishi, ulioanza mwaka wa 2016, ulisambaza vifaa zaidi ya milioni moja. Kurekodi sauti hakuhitaji mpango wa aina hiyo. Simu ya kawaida yenye kinasasauti inatosha.

Programu za kuhariri sauti nazo hazinunuliwi. Audacity, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani na kutolewa kwa umma mwaka wa 2000, hupatikana bila malipo na hufanya kazi katika tarakilishi za kawaida. Mwalimu huweza kuitumia kukata kimya cha mwanzo, kuondoa kikohozi cha katikati na kuongeza sauti iliyo hafifu. VLC, programu nyingine ya bure yenye asili yake Ufaransa, inajulikana na wengi kwa kutazamia filamu. Wachache wanajua kwamba inaweza pia kugeuza faili ya sauti kutoka muundo mmoja hadi mwingine.

Suala hili la kugeuza muundo ndilo hukwamisha walimu wengi wanaojaribu. Simu nyingi huhifadhi sauti katika muundo wa M4A au mwingine usiosomeka kila mahali. Mwalimu hunakili faili kwenye flashi, akaichomeka katika spika ndogo ya shule inayotumia betri au nguvu za jua, na spika ikanyamaza kimya. Hapo huhitimisha kwamba teknolojia haifai, kumbe spika hiyo husoma MP3 pekee. Kazi ya kugeuza faili huchukua muda mfupi kwa aliyeonyeshwa namna, na kwa asiyeonyeshwa huwa ndio mwisho wa safari.

Ukubwa wa faili nao ni jambo la kutiliwa maanani mahali ambapo data hununuliwa kwa shilingi za mfukoni. Sauti isiyobanwa, ya muundo wa WAV na mkondo mmoja katika kiwango cha santuri za CD, huchukua megabaiti 5 hivi kwa kila dakika. Ikigeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kwa mazungumzo, dakika hiyo hupungua hadi nusu megabaiti. Wanafunzi 45 wakirekodi dakika mbili kila mmoja, sauti zao zitachukua takribani megabaiti 476 zikiwa WAV, na megabaiti 43 zikiwa MP3. Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo kazi ya darasa itatumwa kwa intaneti au itabaki kwenye simu hadi ifutwe kupisha picha.

Hata hivyo, tahadhari moja ni muhimu. Kila mara sauti inapobanwa kuwa MP3, sehemu yake hupotea na hairudi. Kwa hivyo rekodi ya kwanza haina budi kuhifadhiwa kama ilivyo, hasa ikiwa ni ya fasihi simulizi inayoweza kuhitajika miaka 20 ijayo, na nakala ndiyo igeuzwe kwa matumizi ya kila siku. Rekodi nyingi za kale zilipotea kwa kuwa kanda ziliachwa zikaliwa na unyevu bila ya kunakiliwa. Si busara kurudia kosa hilo kwa vifaa vya kisasa.

Wasioona wasisahaulike

Kuna kundi jingine ambalo kwalo sauti si nyongeza bali ni njia kuu ya kusoma. Wanafunzi wasioona, wakiwemo wa shule ya Thika iliyoanzishwa na kanisa la Salvation Army mwaka wa 1946, hutegemea maandishi ya breli na vitabu vya kusikiliza. Vitabu vya breli ni vizito, huchukua nafasi kubwa na uchapishaji wake ni ghali. Riwaya moja huweza kujaza majuzuu kadhaa.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka wa 2017. Mkataba huo, ulioidhinishwa mwaka wa 2013, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nakala zinazoweza kutumiwa na wasioona bila ya hofu ya kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki, mradi masharti yake yafuatwe. Wanafunzi wenye kuona wakisomewa zoezi la kurekodi sura za vitabu teule kwa ajili ya wenzao wasioona, watakuwa wamejifunza kusoma kwa ufasaha, na wenzao watakuwa wamepata kitabu. Hiyo ni kazi moja yenye faida mbili.

Vikwazo vya kweli

Pamoja na hayo, si haki kudai kwamba kinasasauti kitatibu kila ugonjwa. Kikwazo cha kwanza ni muda wa mwalimu. Dakika mbili kwa wanafunzi 45 ni dakika 90 za kusikiliza, kabla ya kuandika maoni yoyote. Mwenye madarasa manne anahitaji saa sita. Hakuna mwalimu anayeweza kufanya hivyo kila wiki. Njia iliyo nyepesi ni kusikiliza wanafunzi 10 kwa juma kwa zamu, huku wengine wakisikilizana wao kwa wao katika makundi kwa kufuata mwongozo ulioandikwa. Kwa utaratibu huo kila mwanafunzi atasikilizwa na mwalimu angalau mara mbili kwa muhula. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya anachopata sasa.

Kikwazo cha pili ni simu zenyewe. Wanafunzi wa shule za bweni hawaruhusiwi kuwa nazo, na marufuku hiyo ina sababu zake. Kurekodi hakuhitaji kuiondoa. Simu mbili au tatu zinazomilikiwa na idara ya lugha, zisizo na kadi ya simu, zinatosha kupitishwa mikononi mwa darasa zima. Mwalimu akilazimika kutumia simu yake mwenyewe na data yake mwenyewe, mpango utakufa mara tu bidii yake itakapopungua, na hatastahili lawama.

Kikwazo cha tatu ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometria. Sauti ya mtoto akikosea si kichekesho cha kusambazwa katika makundi ya mitandao ya kijamii. Shule isiyo na kanuni kuhusu nani anahifadhi rekodi, kwa muda gani na zinafutwa lini, haijawa tayari kurekodi. Wazee wanaotoa hadithi na nyimbo nao wana haki zao, ambazo zilipewa nguvu na sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Mwanafunzi anayemrekodi fanani sharti amweleze rekodi hiyo itatumiwaje, kisha amwombe ruhusa.

Kikwazo cha nne ni hatari ya kuchanganya matamshi na lafudhi. Kutamka "kula" mahali pa "kura" ni kosa kwa kuwa maana imepotea. Kuzungumza Kiswahili sanifu kwa mwangwi wa Kisii, Kitaita au Kiluo si kosa. Iwapo rekodi zitatumiwa kuwaadhibu watoto kwa sababu sauti zao zinafichua walikozaliwa, zitawanyamazisha zaidi kuliko kimya cha sasa. Mwongozo wa kutoa alama hauna budi kulitenga jambo hili waziwazi.

Fursa iliyopo

Wakati wa kuamua ni sasa. Mtaala wa umilisi umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi ya kwanza katika orodha ya mada za lugha. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10 Januari 2026 na wanatarajiwa kukamilisha shule ya sekondari pevu mwaka wa 2028. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 nayo inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho na kundi la 2027. Kwa mara ya kwanza katika miongo minne, taifa linaandaa upya namna ya kupima lugha mwishoni mwa elimu ya sekondari.

Mtaala ukisema kuzungumza ni muhimu, kisha tathmini ikakosa kukupima, walimu watafuata tathmini. Ndivyo ilivyokuwa daima. Mwalimu hupimwa kwa matokeo ya wanafunzi wake, na hakuna atakayetumia vipindi vyake kwa stadi isiyoleta alama. Kwa hivyo suluhisho haliko katika simu wala programu, bali katika uamuzi wa Baraza la Mitihani (KNEC) kukubali rekodi za sauti kama sehemu ya kazi ya mwanafunzi inayotathminiwa shuleni. Rekodi huweza kusikilizwa na mtahini aliye mbali, kwa wakati wake. Mtahini akichukua sampuli chache kutoka kila shule ili kuhakikisha kwamba alama zilizotolewa ni za haki, zile saa 80,000 hazitahitajika tena. Pia rekodi hupunguza upendeleo, kwa sababu alama inayotiliwa shaka huweza kusikilizwa upya, jambo lisilowezekana kwa mazungumzo yaliyopita na upepo.

Vyuo vya ualimu navyo vina wajibu. Anayefuzu kufundisha lugha anapaswa kujua kurekodi mahali pasipo na kelele, kukata, kugeuza faili, kuipa jina linaloeleweka na kuihifadhi. Mafunzo hayo hayahitaji zaidi ya siku mbili. Yasipotolewa, mwalimu ataachwa ahangaike peke yake na spika iliyonyamaza.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini sauti ni zaidi ya nywele, kwa kuwa isiposikiwa haijulikani kama ipo. Watoto wanaoingia madarasani kila asubuhi wana sauti hizo, na walimu wao wana vifaa vya kuzisikiliza. Kilichosalia ni wanaoandaa mitihani kuamua kwamba lugha ina ulimi pia, si kalamu pekee.